Saa ya Kunyamaza

Mabenchi ya ukumbi yalifungwa sakafuni kwa bolti,
safu kumi na mbili, zote zikiutazama ubao.
Mtu mmoja, chaki mbili, wanafunzi tisini na sita:
hivyo ndivyo nilivyokikuta chuo chetu cha waganga, Tabora,
nikiwa mhasibu mgeni,
na hesabu ililala kama mtoto aliyeshiba.

Mwalimu Ntobi aliingia saa mbili kamili,
akamwaga ini, wengu na figo hadi saa nne,
akakung'uta chaki, akatoka.
Ukigawa kwa vichwa, gharama haikufika bei ya andazi.
Nani hudai risiti ya andazi?

Kisha mtaala mpya ukaja na basi la usiku,
boksi limefungwa kamba ya katani.
Ukasema: wagawe. Wanane wanane.
Kila kundi na mgonjwa wake wa karatasi,
na meza yake, na mwalimu wake.
Nikapiga kikokotoo mara tatu.
Kikarudia kumi na mbili, bila haya.
Walimu tulikuwa nao watano,
mmoja yuko likizo ya uzazi.

Na hao walimu, ukasema, wasihubiri.
Wakae. Wanafunzi waulizane wenyewe.
Mimi, Milembe binti Kasanda,
nisiyetoa lita ya dizeli bila risiti yenye mhuri,
nikajikuta naandika posho ya daktari
aliyeazimwa wodini, foleni kaiacha mpaka getini,
aje akae saa mbili asiseme kitu.

Nikaenda kuiona saa niliyoinunua.

Chumba kilikuwa stoo; bado kinanuka dawa ya panya.
Karatasi inasema: mwanamke, miaka thelathini na mmoja,
mkulima wa tumbaku, Ulyankulu.
Kichwa, kutapika, mikono inatetemeka.
Wanane wakaikimbilia malaria kama kuku mtamani.
Kipimo kikakataa.
Wakasimama hapo.

Ntobi akatazama dirisha.
Dakika moja. Mbili. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu.
Ya nne nikatamani kujibu mimi, nisiyejua kitu.
Ya saba, Shija,
ambaye ukumbini hakuwahi kunyoosha mkono,
akauliza, kama anayejiuliza:
"Siku hiyo alikuwa anavuna?
Majani yalikuwa na umande?"

Ntobi hakumsifu.
Alifunua ukurasa wa pili.

Nilirudi ofisini nikagawanya:
dakika saba, kwa posho, kwa chai, kwa umeme.
Halikutoka jibu la kuandika.
Na saa moja ya kunyamaza
humnyima Ntobi usingizi wiki nzima akiiandaa.
Mkewe aliniambia sokoni, wala hakucheka:
"Siku hizi nimeolewa ukewenza na makaratasi."
Na wodini, siku za makundi,
foleni ya asubuhi huisha watu wakiwasha taa.
Hao waliongoja, daftari langu halina safu yao.
Nimeichora kwa penseli, pembeni. Iko tupu.

Mkaguzi alipokuja aliweka kidole:
"Hii nini?"
"Saa ya kunyamaza."
Akachora alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.
Ipo hadi leo. Sijaifuta, sijaijibu.

Viti vipya hatukuvimudu.
Tukafungua bolti, na fundi Kapalata wa Isevya
akayakata mabenchi, mninga wa zamani,
msumeno ukalia siku tatu.
Vikatoka viti themanini na vinne.
Kumi na wawili hugeuza ndoo, wakakalia.

Sakafuni yamebaki matundu ya bolti,
safu kwa safu, yakiutazama ubao.
Mfagiaji anasema vumbi hujificha humo,
ndiyo maana siku hizi
anachelewa kumaliza, na anadai nyongeza.